Tani 196: msaada wa tetemeko la Nepal ulikwama wapi, na ulikwamuliwaje

Jumamosi tarehe 25 Aprili 2015, saa 5 na dakika 56 asubuhi, Nepal ilitikiswa na tetemeko la kipimo cha 7.8. Kitovu kilikuwa karibu na kijiji cha Barpak, wilaya ya Gorkha, yapata kilomita 80 kaskazini-magharibi mwa Kathmandu. Jumamosi ndiyo siku ya mapumziko nchini humo, kwa hiyo maelfu ya madarasa yaliyoanguka yalianguka yakiwa matupu, na vijijini wengi walikuwa nje mashambani. Hata hivyo walikufa karibu watu 9,000, zaidi ya 22,000 wakajeruhiwa, nyumba karibu 500,000 zikabomoka kabisa na nyingine zaidi ya 250,000 zikapata nyufa au kuanguka upande. Wilaya 14 ndizo zilizoumia kuliko zote, na Sindhupalchok peke yake ilizika zaidi ya watu 3,000.

Kwa miaka mingi wataalamu wa maafa walikuwa wakijiandaa kwa tetemeko la Kathmandu. Mpango ulikisia bonde zima la mji mkuu limelala chini, uwanja wa ndege haufanyi kazi, madaraja yamekatika na serikali haionekani. Lililotokea lilikuwa kinyume. Mahekalu na mitaa ya zamani ilianguka, lakini sehemu kubwa ya mji ilibaki imesimama, na njia ya kurukia ndege ilitumika tena siku hiyo hiyo. Kilichosambaratika ni vijiji vya milimani, vya nyumba za mawe na udongo zisizo na nguzo, vilivyotawanyika juu ya miteremko ambako hata siku ya kawaida gari halifiki. Mlango ulibaki wazi. Shida ilikuwa ukumbi mwembamba nyuma yake. Kila mahali palipozibuliwa, mzigo ulisogea hatua moja na kuziba pengine.

Uwanja wa ndege

Nepal haina bahari. Bandari ambayo Nepal huitegemea zaidi ni Kolkata, India, karibu kilomita 1,000 kwa barabara. Kwa siku za kwanza, basi, kila kitu cha haraka kilipitia uwanja wa Tribhuvan: njia moja ya kurukia yenye urefu wa mita 3,050, iliyoko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na maegesho yasiyofika kumi ya ndege kubwa za kimataifa. Udhaifu huo haukuwa siri. Wiki saba kabla ya tetemeko, Machi 4, ndege ya abiria aina ya A330 iliteleza ikitua katika ukungu, ikalala puani kando ya njia, na uwanja ukafungwa kwa ndege za kimataifa siku nne hadi vifaa vya kuiondoa vilipoletwa kutoka India.

Baada ya tetemeko hesabu iliyotawala ilikuwa ya maegesho. Ndege ikitua lazima ipate mahali pa kusimama, ishushwe mzigo, iondoke. Ikichelewa saa mbili chini, ile iliyo angani inazunguka hadi mafuta yanapopungua, kisha inageuza kwenda Delhi au Kolkata. Nyingi ziligeuza hivyo. Na hazikuwa za turubai na dawa tu. Timu za uokoaji kutoka nje zilizofika zilizidi 50, zikiwa na mbwa, mashine za kukatia zege na mahema yao wenyewe; kwa jumla zilitoa chini ya kifusi watu hai wasiozidi 20. Hakuna anayeweza kuidharau roho hata moja. Lakini katika nyumba ya mawe na udongo aliyefukiwa hapati upenyo wa hewa kama aliye chini ya zege, na walioweza kuokolewa waliokolewa na majirani kwa majembe na mikono siku ile ile. Timu za siku ya tatu na ya nne zilichukua maegesho ambayo turubai ziliyahitaji.

Halafu kuna ushushaji. Ndege za kijeshi kama C-130, pamoja na Il-76, zina mlango wa nyuma wenye ngazi mtelemko: mzigo unasukumwa hadi chini. Ndege za shehena za kiraia mlango wake uko ubavuni, mita kama tano juu ya lami, na bila jukwaa maalumu la kunyanyulia paleti (vibao bapa vya kupangia mzigo) hakuna kinachoshuka. Majukwaa hayo na foklifti vilikuwa vya kuhesabika. Shehena iliyopangwa juu ya paleti na kufungwa nyavu hushuka haraka. Iliyojazwa ndani kwa maboksi ya mkononi, kama zile zilizokusanywa na watu wema mitaani, hutaka vibarua 30 na nusu siku.

Mei 3 njia ya kurukia, ambayo haikujengwa kwa mfululizo wa ndege nzito kiasi hicho, ilianza kuonyesha nyufa, na mamlaka ikapiga marufuku ndege za zaidi ya tani 196. Uamuzi ulikuwa sahihi, kwa kuwa njia ni moja na ikiharibika hakuna ya pili. Gharama yake, hata hivyo, haikuwa ndogo. Boeing 747 ya shehena hubeba tani 100 au zaidi. C-130 hubeba kama 18. Mzigo uliokuwa uje kwa ndege moja sasa ulitaka tano au sita, na kila moja inadai egesho lake na zamu yake ya foklifti. Mizigo mingine ilishushwa India na kuhamishiwa ndege ndogo au malori.

Bahati ilikuwa moja, na haikuwa ya kubahatisha. Mwezi mmoja hivi kabla ya tetemeko, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) na serikali ya Nepal, kwa fedha za Uingereza, walikuwa wamefungua eneo la kupokelea misaada pembeni mwa uwanja: ardhi iliyosawazishwa, uzio, maghala ya turubai nzito, ofisi na umeme. Pasingekuwapo hapo, shehena ingekaa ubavuni mwa njia ya ndege huku watu wakitafuta kiwanja, wakibishana na mwenye nacho, wakileta greda. Wenye kutoa fedha hupenda kupiga picha na gunia la mchele, si na uwanja mtupu wenye kokoto. Ule uwanja mtupu ndio ulioruhusu magunia yatoke.

Forodha, na hadithi isiyokamilika

Mwanzoni mwa Mei Umoja wa Mataifa ulilalamika hadharani kwamba forodha ya Nepal inakagua misaada kwa taratibu za siku za amani. Tangu 2007 Nepal ilikuwa na mkataba na Umoja huo wa kurahisisha uingizaji wa vifaa vya maafa, na bado malori yalisimama mpakani na maboksi yakalala uwanjani. Turubai na mahema yaliondolewa ushuru rasmi karibu wiki moja baada ya tetemeko, siku ambazo familia zilikuwa zinalala kwenye mvua.

Lawama hiyo ni ya haki, ila ni nusu ya habari. Afisa wa forodha alikuwa anapokea mzigo usio na orodha ya vilivyomo, usio na jina la mpokeaji, wakati mwingine ukiwa na anwani moja tu: “Nepal”. Waziri wa Fedha alilalamika kwamba wamepokea samaki jodari na mayonesi wakati wanahitaji nafaka, chumvi na sukari. Dawa zilizokaribia kuisha muda na nguo kuukuu huingia katika kila maafa makubwa, na nazo huchukua nafasi ile ile ya ghala. Mzigo unaopita haraka una mambo matano kabla haujapakiwa: mpokeaji aliyesajiliwa ndani ya nchi na aliyekubali kuupokea, orodha ya kila boksi na uzito wake, barua ya zawadi inayotamka kuwa hauuzwi, tarehe za mwisho za dawa na vyakula, na mtu mwenye simu atakayekuwa uwanjani ndege inapotua. Kukosa la mwisho ndiko kunakokwamisha zaidi, ingawa watu hudhani ni karatasi.

Juu ya hapo serikali ilitangaza kuwa michango ipitie mfuko wa Waziri Mkuu, ili kuwe na mlango mmoja. Nia ilieleweka. Tangazo lilizua hofu na mkanganyiko miongoni mwa mashirika madogo ya wenyeji, yale yaliyokuwa na watu tayari wilayani, na siku zikapotea kwa kuulizana nani anaruhusiwa kufanya nini.

Kutoka Kathmandu kwenda juu

Tuanze na turubai, maana ndiyo iliyotakiwa kwanza. Turubai ya kawaida ya misaada ni mita 4 kwa 6, uzito karibu kilo 5. Familia hupewa mbili: moja ya paa, nyingine ya sakafu na upande wa upepo. Nyumba 500,000 ni turubai milioni moja, yaani tani kama 5,000. Kwa ndege za tani 40 hizo ni safari 125, kabla hujaleta kamba hata moja. Msomaji wa Kagera aliyelala nje baada ya tetemeko la Septemba 2016 anajua thamani ya kipande hicho cha plastiki. Lakini Kagera lori lilifika mjini Bukoba kwa lami. Huku lori liliishia njiani.

Barabara ya Araniko, inayopanda kuelekea mpaka wa China kupitia Sindhupalchok, ilizibwa na maporomoko ya mawe, na mpaka wa Tatopani ukafungwa. Malori makubwa yalihudumia barabara kuu tu. Mpangilio uliofanya kazi ulikuwa wa ngazi: lori la tani 10 kutoka Kathmandu hadi kituo cha wilaya, pale mzigo unahamishiwa gari dogo la magurudumu manne yanayovuta au trekta la tani mbili tatu, hadi pale gari linapokoma, kisha nyumbu (yule mzao wa punda na farasi), mpagazi au helikopta. Vituo vya wilaya viliwekwa Deurali upande wa Gorkha, Chautara kwa ajili ya Sindhupalchok, Bidur kwa Nuwakot na Rasuwa, na Charikot kule Dolakha.

Kila uhamisho ni mahali pa kupoteza. Gunia linapasuka, hesabu inatofautiana, dereva anaondoka bila kusainiwa hati. Sheria ni kwamba hati ya mzigo ihesabu vipande, si tani: “magunia 200 ya kilo 25” yanaweza kuhesabiwa na mtu yeyote gizani, “tani 5” hazihesabiki bila mzani.

Ghala la turubai la mita 10 kwa 24 husimama kwa siku moja au mbili kama kuna kiwanja tambarare. Milimani huko tambarare ndiyo bidhaa adimu kuliko zote. Uwanja wa wazi wa mji wa wilaya unatakiwa na wote kwa wakati mmoja: waliokosa makazi, hospitali ya mahema, jeshi, helikopta. Ukiwahi kupewa, chimba mtaro kuuzunguka kabla ya kuingiza gunia la kwanza, weka paleti chini, acha upenyo wa mita moja kati ya magunia na ukuta. Wengi huahirisha mtaro hadi mvua inyeshe, na mchele wa safu ya chini ndio unaolipa.

Njiani kulikuwa na tatizo lisilo la uhandisi. Siku chache baada ya tetemeko, wakazi wa Sangachok, Sindhupalchok, walifunga barabara kwa matairi wakidai chakula, malori yakipita kwenda mbele. Nao walikuwa wamepoteza nyumba. Msafara unaopita kijiji chenye njaa kwenda kijiji kingine chenye njaa utasimamishwa, na askari zaidi hawatibu hilo. Kinachosaidia ni kugawa kwa kufuata barabara: kila lori litakalopita kijiji, kijiji kiwe kimeambiwa siku yake ni lini, na ahadi itimie.

Helikopta

Helikopta ndiyo inayoonekana kwenye televisheni, na ndiyo inayodanganya mipango. Mi-8 kwenye karatasi hubeba tani 4. Panda nayo hadi mita 2,500 mchana wa joto, hewa nyembamba, mzigo unashuka kufikia tani mbili hadi mbili na nusu. Saa za kuruka zenyewe ni chache: alasiri mawingu hujaa mabondeni na upepo huchafuka. Kwa hiyo mzigo hupimwa na kufungwa nyavu jioni, ili saa 12 asubuhi injini zikiwaka hakuna anayetafuta kamba. Gharama ya saa moja ni maelfu ya dola, ipelekwe dawa au ipelekwe chumvi.

Pa kutua panataka duara wazi la mita 30 hivi, bila nyaya, na turubai zote za jirani ziwe zimekunjwa au kushindiliwa mawe. Upepo wa mapanga unazing’oa zile zile zilizoletwa jana. Uingereza ilileta Chinook tatu, helikopta kubwa za rota mbili, hadi India, Nepal ikazikataa, ikisema upepo wake ungeziharibu nyumba zilizokwisha legea. Zikarudi bila kufanya kazi. Wapo walioliona kama kiburi au siasa ya majirani, na huenda siasa ilikuwamo; lakini yeyote aliyesimama karibu na Chinook inayotua hawezi kuicheka sababu iliyotolewa. Swali la “itatua wapi?” linaulizwa kabla ya kuipakia, si baada ya kuifikisha mpakani.

Mei 12 tetemeko la pili la 7.3 lilipiga mpakani mwa Dolakha na Sindhupalchok, likaua zaidi ya watu 200 na kufunga upya njia zilizokuwa zimezibuliwa. Siku hiyo hiyo helikopta ya wanamaji wa Marekani iliyokuwa ikigawa misaada Dolakha ilianguka mlimani. Wamarekani sita na askari wawili wa Nepal wakafa.

Kwa miguu

Chukua kijiji cha kaya 300, watu watano kila kaya. Mgao wa mwezi kwa kaya ni mchele kilo 60, dengu 9, mafuta karibu 4, na chumvi. Jumla kama kilo 73. Kijiji kizima kinahitaji tani 22. Kwa Mi-8 ni safari tisa hadi kumi na moja. Kwa nyumbu abebaye kilo 60 ni mizigo karibu 370. Kwa mpagazi wa kilo 30 ni safari zaidi ya 730. Helikopta inaonekana kushinda, mpaka ukumbuke kuwa vijiji vya namna hiyo vilikuwa mamia, helikopta chache, na mwezi ujao watakula tena.

Hivyo WFP ilianzisha operesheni ya njia za mbali, ikishirikiana na vyama vya waongoza watalii na wapanda milima wa Nepal. Utalii ulikuwa umekufa siku moja. Waongozaji na wapagazi hawakuwa na kazi, na hakuna aliyezijua njia zile kuwazidi. Maelfu waliajiriwa Gorkha, Dhading, Rasuwa, Sindhupalchok na kwingineko. Kundi la kwanza halikubeba chakula. Lilikwenda kutazama: wapi njia imemezwa, wapi daraja la kamba limekatika, wapi mawe bado yanadondoka. La pili lilikuwa la wanakijiji wenyewe, wakilipwa kuchonga ngazi, kuondosha mawe na kutandika magogo. Ndipo mizigo ikafuata.

Kazi hii ina hesabu zake ndogo zinazoweza kuiangusha. Gunia la kilo 50 ni lazima lifungwe upya kuwa mawili kabla ya kuondoka bohari, kwa sababu mlimani hakuna mifuko wala mizani. Nyumbu hubebeshwa pande mbili zilizo sawa, kilo 30 kwa 30. Ukizidisha upande mmoja tandiko linachuna mgongo na mnyama anapumzishwa siku kadhaa. Mpagazi anayepanda siku tatu na kushuka mbili anakula kilo tatu hivi za chakula. Kama hakubebewa akiba njiani, anakula sehemu ya kumi ya mzigo wake. Na mabati! Bati la futi 9 au 10 halipindiki, linashika upepo kama tanga, na kwenye kona ya njia yenye upana wa hatua mbili linamsukuma mbebaji bondeni. Yalibebwa machache machache, yamefungwa kwa urefu kufuata mgongo, asubuhi kabla ya upepo. Pengine palikuwa na busara zaidi: kuwapa watu fedha wanunue yaliyo karibu na kung’oa mabati yaliyolala kwenye kifusi. Serikali iligawa rupia 15,000 kwa kaya kwa makazi ya muda, na noti hazihitaji nyumbu.

Mwisho wa njia kulikuwa na orodha. Nepal haikuwa na serikali za mitaa zilizochaguliwa tangu 2002. Kijiji kilikuwa na katibu mmoja wa serikali, mara nyingi akisimamia zaidi ya kimoja, na wawakilishi wa vyama wakivutana. Familia yenye ndugu watatu chini ya paa moja je, ni kaya moja au tatu? Kabla ya tetemeko ilikuwa moja. Baada ya mgao wa kwanza ikawa tatu. Si udanganyifu mtupu, kwa kuwa chini ya turubai mbili watu 14 hawaenei. Walioepuka ugomvi ni wale waliosoma majina hadharani siku moja kabla ya kugawa, kitongoji kwa kitongoji, na kuacha watu wabishane wakati mzigo bado uko ghalani.

Mvua za monsuni hufika kama Juni 10. Kwa hiyo kulikuwa na wiki sita na nusu tu tangu tetemeko, na ndani yake ilibidi zipite turubai, chakula, na mbegu za mpunga za kupandwa Juni. Mbegu iliyofika Julai ni chakula cha kuku. Mvua ilipoanza, miteremko iliyokwisha tikiswa iliteremka kwa urahisi na njia nyingi zikachongwa upya.

Kisha, mwishoni mwa Septemba, baada ya katiba mpya, mpaka wa India ulikwama kwa maandamano na malori kutoruhusiwa kupita, hadi Februari 2016. Mafuta yote ya Nepal yalikuwa yakija kwa malori ya tangi kutoka India. Blanketi na mabati ya msimu wa baridi yalipanga foleni Raxaul, mji wa India ulio mpakani, theluji ikishuka kwenye vijiji vya juu, na huko milimani, ambako wapagazi na nyumbu walikuwapo na njia zimekarabatiwa, kilichokosekana kilikuwa dizeli ya kulifikisha lori mahali ambapo safari ya miguu inaanzia.